Mama Yake Asahel

Kensett, Connecticut
Mei 14

Kaka yangu mpendwa Everett,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi Joyce na watoto hamjambo, na joto la Arizona halijawachosha. Mimi ni mzima. Baba naye hajambo, ila goti linamsumbua, na bado anabishana na redio.

Uliniomba nifuatilie ukoo wetu hadi kwa Sajini Hezekiah Thrall, aliyempigania mfalme wa Uingereza kabla nchi hii haijawa nchi. Kazi ilikwenda vizuri hadi kwa Asahel, mwanawe pekee, ambaye sisi sote tumetokana naye. Nilipeleka mate yangu kupimwa DNA, kama ulivyoshauri. Majibu yakaniletea jamaa nisiyemjua: Bi. Odessa Prime wa Hartford, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi. Nilimpigia simu nikijiumauma. Akaangua kicheko. "Thrall? Binamu, mmechelewa! Sisi tunawajua nyie toka zamani."

Nilikwenda kwake. Alinikatia pai ya viazi vitamu, akanisimulia waliyorithishana kwa mdomo. Sajini alikuwa na mwanamke mtumwa aitwaye Dina, akamzalia wana wawili. Wa kwanza, Asahel, alitoka mweupe. Submit, mke wa Sajini, akamchukua na kumlea kama wake. Wa pili, Prime, alichukua rangi ya mama yake, akabaki jikoni. Nilimwambia kwa upole kwamba masimulizi peke yake hayatoshi. Akaniongezea pai. "Basi nenda kamuulize Submit mwenyewe."

Nikaenda makaburini na Baba. Jiwe la Submit limezama, na miaka yote tumekuwa tukisoma jina tu. Nilichimba kwa sepeto ya bustani. Chini kulikuwa na maneno haya: *Mke mwema, hakujaliwa uzao wa tumbo lake.* Baba aliyasoma, akayasoma tena, kisha akaniambia nirudishe udongo. Nikaurudisha. Tulipokuwa garini alisema, "Everett asijue. Mtoto wake kamwita Hezekiah."

Nimemkaidi. Una haki ya kujua kwamba sisi ni watoto wa Dina, na kwamba hakuna anayejua alizikwa wapi. Nilidhani habari hii ingeninyima usingizi. Nililala vizuri, na hilo ndilo lililonishangaza.

Ukoo wa Prime hukutana kila Agosti, na wametualika. Nilipomweleza Baba, nilijua atanifokea. Akaongeza tu sauti ya redio. Tulipokuwa tukila chakula cha jioni akauliza, "Hao wa Hartford, wanakula chaza?" Nikamjibu sijui. Akasema atapika ile supu yake ya chaza, sufuria kubwa, na asiyeitaka aiache.

Nibusie watoto, na umwambie Hezekiah shangazi yake anamkumbuka. Kama mtaweza kuja Agosti, vitanda vipo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mercy