Kila Akiita, Ninajibu Niko Chuma

Bunia, siku ya ine. Mvua ilianza asubui na haina haya, inapiga mabati ya mutaa yetu, Rwambuzi, kama mutu anaomba kufunguliwa mulango.

Moyo haiko sawa leo.

Miye sikusoma sana. Primaire, mwaka ya tatu, kisha shimo ya zahabu. Njo maana naandika hapa ku telefoni na kidole moja, pole pole, na mwenye kucheka acheke. Lakini muende Bambu, kule ku mashimo, muulize ni muzee gani alikuwa anasoma ukuta ya shimo kushinda benye diplome. Batawatajia jina yangu mbele mumalize swali. Bananiitaka Mutarimbo, ile chuma ya kuvunjia mawe. Jiwe inavunjikaka. Mutarimbo hapana.

Benye kunisomaka banajua mambo ya mwezi yenye imepita. Matumbo yangu ilijipinda kama kamba ya ndoo, nikavimba kama ngoma. Munganga mumoja kijana, wa umri ya mutoto wangu ya mwisho, akanipasua toka juu ya kitovu mpaka chini, akakata kipande yenye ilikuwa imeisha kufa, akashona. Bengine banakufaka ku ile kazi. Miye, kesho yake, niko nasimama. Kitanda ya pembeni ilikuwa ya muzee wa Mambasa, mupasua mbao, naye balimupasua tumbo. Tukashindana nani atafika mbele ku dirisha. Nikamushinda. Akasema, “Weye Mutarimbo, weye haukupasuliwa. Balikukuna tu.” Nikacheka mpaka nyuzi ikaniuma.

Mbele turudi nyumbani, mademoiselle mumoja, binti mwenye kutumika ku hospitali, akatukuta. Akaeleza kama banafanya utafiti. Banataka kujua mutu mwenye balipasua tumbo anaendelea namna gani, toka ku kitanda mpaka ameisha kurudi kwake: nani anapata homa, kidonda ya nani inafunguka, nani anakula, nani anatembea. Ataita ku telefoni, kama tunakubali. Tukakubali, miye na wa Mambasa.

Hapo njo akili yangu ya Bambu ikaamka.

Mu Bambu, mutu akitoka mujini na maswali juu ya shimo, siye hatuangaliake maswali. Tunajiuliza: ni nani banataka kumufukuza? Kila shimo iko na mukubwa wake, tunamuitaka PDG. Ukisema ukuta yake ni mubaya, shimo inafungwa, PDG anaenda, na siye wote tunalala njaa. Basi jibu ni moja: shimo iko sawa. Hata maji ikifika ku shingo, shimo iko sawa. PDG wako haumuuzishake.

Nikajiambia: ule munganga kijana sasa njo PDG wangu. Tumbo yangu njo shimo yake. Hawa batu banamutafutia makosa, na kwangu habatapata kitu.

Basi kila mademoiselle akiita, ninajibu: “Niko chuma. Andika chuma.”

Lakini tangu siku ya Mungu kidonda inatoka maji.

Maji tu, nikajiambia. Nikaweka kitambaa ya safi, nikavaa koti juu. Jana ile maji ikabadilika rangi, ikaanza kunuka. Leo asubui meno ilikuwa inagongana, nikasema ni baridi ya mvua. Bibi yangu, Mama Aline, akanikaribia. Aliweka mukono chini ya koti, akaitosha, akainusa.

“Mutarimbo,” akasema. Yeye haniitake vile, ananiitaka Papa Aline. “Weye musomaji wa ukuta. Ukuta ikitoka jasho, unafanyaka nini?”

Swali gani ile? Kila muchimbaji anajua. Mbele ukuta ya shimo ianguke, inatokaka jasho. Vitone vidogo, mujinga anafikiri ni baridi ya udongo.

“Ninatosha batu inje ya shimo,” nikajibu.

“Bote?”

“Bote.”

“Na mwenye kusema shimo iko sawa?”

“Ule ninamuvuta na sikio.”

“Basi leta sikio.”

Nikakasirika. Nilikuwa naingia mu shimo wakati yeye bado anaogopa kisima. Nikatoka, nikakaa ku baraza peke yangu, na koti yangu, na baridi yangu.

Njo pale telefoni ikalia. Mademoiselle, maswali ile ile. Homa? Kidonda? Chakula? Kutembea? Nikajibu chuma mpaka mwisho. Sauti ilitaka kutetemeka, nikaisukuma. Kisha, juu ya kujisifu tu, nikamuuliza: “Na ule muoga wa Mambasa? Ameisha kufika ku dirisha?”

Nikasikia mvua ya upande wake.

“Papa, hata sikupashwa kukuambia. Ule papa alikuwa ananijibu sawa weye. Kila mara, muzuri tu, niko mwanaume. Mara ya mwisho, mutoto wake njo alikamata telefoni, na alikuwa analia.”

Sikuuliza mutoto alisema nini.

Nilishika nguzo ya baraza. Nikamuona ule muzee na vidole yake migumu, kule mu pori, mbali na munganga, harufu ile ile mu shati yake, na mudomo inasema muzuri. Alikuwa analinda nani, yeye? Miye niko na pikipiki ya kunifikisha ku hospitali, inapita mbele ya mulango.

“Mademoiselle,” nikasema, “futa chuma. Ukuta inatoka jasho.”

Hakuelewa. Nikarudilia na maneno ya mugonjwa: maji, harufu, kutetemeka, tumbo inaanza kukaza. Sauti yake ikabadilika. “Papa, kuya sasa. Usikule kitu. Usingojee mvua ikatike.”

Naandika hii ku banc, kiti ya murefu ya hospitali, nguo inatona maji. Munganga kijana ameisha kuniona. Alifungua kitambaa, akafinya. Sikulia. Basi, nililia kidogo. Nikamuvuta karibu, nikamunong'oneza: “Mwanangu, nilikulinda. Maswali yao yote, sikukuuzisha hata mara moja.”

Akaweka kitambaa chini, akasema:

“Papa, nani alikuambia kama banataka kunifukuza? Ile maswali, miye njo niliomba baulize. Ninashona mutu, anarudi kwao, sijue tena kitu. Bengine banakufia nyumbani na siye tunafikiri banalima. Weye ukiniambia chuma, miye ninajua nini?”

Hakupandisha sauti. Heri angepandisha.

Ni PDG gani anatumaka batu baulize kama ukuta yake ni mubaya? Mu maisha yangu yote ya Bambu sikuona hata mumoja. Na nilimudanganya ule wa kwanza mwenye nilipata.

Banasema batafungua tena. Kama ubaya ni ya juu, ku ngozi, batasafisha na itaisha. Kama ni mushono ya ndani njo imeachia, ni kazi kubwa kushinda ya kwanza, na miye si kijana, hata kama sipendi kuiandika. Hata banganga habajui bado, mpaka bafungue. Nyuma ya mulango nasikia vyombo vinagongana mu sahani ya chuma.

Naogopa. Ile neno sijaiandika hapa hata siku moja.

Nikimaliza, telefoni namupa Mama Aline. Yeye iko hapa pembeni, anashika koti yangu kama mutoto muchanga. Nimemuonya: “Mademoiselle ataita tena wiki inakuya. Kama ni weye njo unakamata, usimuambie chuma. Umuambie namna ilikuwa, yote, ajue.”

Akanijibu: “Nyamaza, Mutarimbo. Utamuambia na mudomo yako.”

Bamefungua mulango, banaita jina yangu, ile ya kweli.

Telefoni ikilia, nani atakamata?