Damu Nzuri ya Robai

Jumatatu, 7 Mei 2007. Kitale.
Uji saa moja. Nusu kikombe, uliobaki amekunywa paka. Mvua tangu alfajiri. Moyo umechoka, miguu imevimba hadi magotini. Nilikuwa tabibu wa serikali miaka thelathini na miwili. Sihitaji kuambiwa maana yake. Binti yangu Nekesa amenunua tena unga wa pakiti ulioongezwa vitamini. Anausifu. Nilimfundisha mwenyewe kuusifu.

Jumatano, 9 Mei.
Simu kutoka Bungoma. Selina, mdogo wa marehemu mke wangu Robai, anaumwa. Nyayo zinawaka moto, kisha hazisikii kitu. Juzi alivuka ua akiwa na ndara moja, hakujua ya pili imemtoka. Mwanawe anasema tusiwe na wasiwasi. Amepimwa, damu ni nzuri. Anameza foliki, vile vidonge vidogo vya manjano, na anakula unga wa pakiti.
Damu ni nzuri.

Alhamisi, 10 Mei.
Robai aliniambia, "Baba Nekesa, nakanyaga kama juu ya pamba." Mwaka wa 2001. Miezi michache kabla ya hapo viganja vyake vilikuwa vimepauka, ulimi laini kama umepigwa randa. Alipumzika mara mbili njiani kwenda kisimani. Nikasema amepungukiwa damu. Nikampa foliki. Nikaamuru nyumba nzima iwe inakula unga wa pakiti kwa kuwa nao una foliki. Damu ikapanda. Nilijivuna. Hata mchungaji nilimwonyesha karatasi ya maabara.
Kwa hiyo alipotaja pamba, nilimjibu kwamba damu haidanganyi. Alipoangusha ungo wa maharagwe, nikasema ni uzembe. Alipoanza kusahau jina la Nekesa, nikasema ni uzee. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.
Nilimzika 2003.

Ijumaa, 11 Mei.
Nimetoa kitabu chini ya sanduku. Ukurasa uko pale pale. Mgonjwa aliyekosa vitamini B12, ile ya nyama na samaki, akipewa foliki peke yake, damu inaweza kutengemaa na kuuficha ugonjwa, huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika. Chini ya maneno hayo pana mstari wa penseli. Niliupiga mimi, nikiwa mwanafunzi.
Niliuona tena wiki mbili baada ya mazishi. Nikakifunga kitabu.
Unga sina kesi nao. Foliki iliyomo ni kidogo, na wajawazito wanaihitaji ili watoto wasizaliwe na uti wa mgongo ulio wazi. Kama unga pekee ungeweza kuuficha ugonjwa wa Robai, sijui. Vidonge vilitosha. Vilitoka mkononi mwangu.

Jumapili, 13 Mei.
Sikwenda kanisani. Kuna jambo baya zaidi.
Selina alikuwa akimletea dada yake unga wa wimbi uliosagwa pamoja na omena, wale dagaa wa ziwani. Niliuita ushamba. Robai alipokufa, ndugu zangu walinong'ona kwamba unga ule ulikuwa na kitu. Siku ya matanga hakuna aliyepokea chakula mkononi mwa Selina. Alikaa peke yake kando ya kuni hadi jioni, akaondoka. Hajarudi. Wiki mbili baadaye niliujua ukweli, na sikumwita.
Jana nilimwomba Nekesa awapigie simu: Selina apelekwe akapimwe, adungwe sindano ya B12. Jibu limekuja leo. Hataki dawa kutoka nyumba iliyomwita mchawi.
Kwa hiyo simu haitoshi.

Jumanne, 15 Mei. Bungoma.
Mpwa wangu ametuleta kwa gari lake, mimi nimelala kiti cha nyuma. Tulipofika Webuye nilitaka turudi. Sikusema. Nekesa hakujua ninakuja kufanya nini.
Selina alikuwa ameketi sebuleni, miguu ndani ya beseni. Maji yalikuwa yakifuka mvuke, ngozi imeiva. Hakuhisi. Nilimwambia mwanawe ayamwage. Selina alinitazama: fimbo, miguu iliyovimba, pumzi za kukatika. Akauliza ati kati yetu wawili, nani amekuja kumzika mwenzake.
"Mulamwa," nikamwambia, kama shemeji zake wote wanavyomwita, "dada yako hakulishwa kitu. Aliuawa na ugonjwa nilioufunika mimi kwa vidonge. Nilijua baadaye, nikanyamaza, nikakuacha ubebe jina baya. Naamini ugonjwa ule ndio ulio nao sasa."
Nekesa alitoka nje.
Selina aliangalia miguu yake, akauliza:
"Na unga wangu mliufanya nini?"
"Tuliwapa kuku."
"Basi kuku wenu walikula vizuri kuliko dada yangu."
Kisha akamwambia mwanawe amletee viatu.

Jumatano, 16 Mei.
Daktari ni kijana. Alisoma barua yangu mara mbili, akachukua damu ya kupima, akasema sindano haitangoja majibu. Dawa ni nyekundu kama sharubati. Miezi yote ile Robai akiugua, kabati langu lilikuwa na chupa kama hiyo.
Alisema huenda miguu ikarudi, huenda si yote. Robai hakuna aliyemwambia hata hilo.

Jumamosi, 26 Mei. Kitale.
Siwezi kulala chali. Nekesa ananiita Mzee. Tangu Bungoma hajaniita Baba. Ananiosha miguu, anageuza mto. Mzee, inua mkono. Mzee, meza hii.
Nimewaandikia ndugu zangu barua, mmoja mmoja. Mwandiko mbovu. Watausoma.

Ijumaa, 15 Juni.
Majibu ya Selina yalikuja kama nilivyohofia. Ameshadungwa sindano kadhaa. Mwanawe anasema vidole vya mguu wa kulia vimesikia baridi ya sakafu. Vya kushoto bado.
Hakutuma salamu. Ametuma kifurushi. Unga wa wimbi na omena, umesagwa laini.
Nekesa ameupika uji. Ameleta kikombe, akasimama mlangoni. Unanuka samaki. Nimekunywa polepole, wote. Amechukua kikombe, akatazama ndani, akaenda kukiosha.