Mkono Uliokuwa Kooni mwa Mama Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: anajulikana kama Mama Pacha. Umri: miaka 36. Kazi: fundi cherehani. Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya soko.

Mlalamikaji ni mume wangu. Mgonjwa ni mama mkwe wangu. Mtuhumiwa, aliye mahabusu tangu jana, ni mtaalamu wa dawa za usingizi pale hospitali. Wauguzi humwita Bwana Taratibu. Mume wangu anasema alimwona akimkaba mama koo. Yeye alikuwa nje ya kioo cha chumba cha dharura, mimi nilikuwa ndani. Sitii chumvi.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa nane na dakika kumi mchana, tulimfikisha mama chumba cha dharura akiwa amebanwa na pumu. Midomo ilishageuka rangi. Aliung'ang'ania mkono wangu, ndiyo maana sikutolewa nje.

Bwana Taratibu alimwinamia sikioni. "Mama, umechoka kuvuta pumzi. Niachie mimi kazi hiyo, wewe lala." Akamvalisha kinyago cha oksijeni, akasukuma shuka iliyokunjwa chini ya kichwa. Dawa ilipoingia mshipani, vidole vya mama vililegea mkononi mwangu. Niliogopa sana.

Alisimama upande wa kichwani pake. Kwa mkono wa kushoto aliingiza chuma chenye taa, akasogeza ulimi kando, akaunyanyua bila kugusa meno. Nikaona naye hapumui. Mara akatoa chuma, akavuta pumzi, akamrudishia mama kinyago na kukamua mfuko wa hewa. Muuguzi akaninong'oneza, "Hubana pumzi makusudi. Ikimwishia yeye, anajua na mgonjwa imemwishia." Nimeshona miaka kumi na mitano, sijaona fundi anayejipimia mwilini mwake namna hiyo.

Mara ya pili alibonyeza koo kwa vidole vya mkono wa kulia ili aone njia ya hewa, akamwambia muuguzi, "Shika hapo hapo." Huo ndio mkono aliouona mume wangu. Akapitisha mpira wa kupumulia kooni kama anayetunga uzi kwenye sindano. Wakajaza hewa kiputo cha kuuzuia usichomoke, akasikiliza tumbo, kisha kifua pande zote mbili. Kifua kilikuwa kinapanda. Akaufunga mpira pembeni mwa mdomo, ndipo naye akahema. Nililia palepale.

Nje mume wangu alikuwa anagonga kioo, "Wanamkaba mama yangu!" Nikamwambia, "Baba Pacha, mama anapumua." Hakunisikia, alishapandwa na mori. Simlaumu, ni mtoto wa pekee. Lakini leo saa tisa mchana mpira unatakiwa utolewe, na anayejua kuutoa mmemfungia ninyi, afande.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimeyasema kwa hiari, na mume wangu hajui kama nimekuja. Akininunia na aninunie.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa, amekiri ni sahihi. Nimemwita mlalamikaji nikamsomea pia. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba kufuta malalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa saa nane na dakika ishirini. Mlalamikaji ndiye aliyemchukulia viatu kaunta, akapiga magoti kumfunga kamba za viatu, wasichelewe.