Musyoka Si Mike

Mjukuu wangu Musyoka,

Nyanya yako anakusalimu, na mahindi hapa Nunguni yamezaa vizuri. Lakini barua yako imenikasirisha. Eti kwa kazi mpya huko Amerika bosi anakuita Mike kwa sababu jina lako ni gumu, na unaniuliza kama ni vibaya!

Nilipoandikwa kazi ya duka mjini Kabati, tajiri aliniita Sami, nikaitika. Mama alisikia, akaninyima chakula: "Hiki ni cha Musyoka. Sami akale kwao." Kesho yake tajiri alijua jina langu.

Bosi wako, unasema, anawataja wachezaji wote wa besiboli, hata wenye majina marefu ya kigeni. Basi ulimi wake ni mzima.

Ulipozaliwa ulipewa jina langu. Bado niko hai. Usinizike huko.

Babu yako,
Musyoka