Maji Yalifika Wapi Nkowe

Dada Salima,

Shikamoo. Mimi mzima, na ndoo za plastiki ninazouza zinatoka. Huyu twiga wa kwenye kadi sijamwona, ila dukani Nachingwea walikuwa na twiga tu.

Huku Nkowe nimefikia kwa Bi Somoe, muuza vitumbua. Mwaka jana mvua ya Elinino ilimzolea mihogo yote, ila ndani hayakuingia maji. Jana kaja afisa na kopo la rangi nyekundu, anauliza kila nyumba maji yalifika wapi. Watu wakadhani anagawa mahindi ya msaada kwa waliofurikiwa. Bi Somoe akaonyesha juu ya mlango.

"Hapa, mwanangu. Tuliogelea kama bata."

Afisa akapiga alama, akaandika, akashukuru. Halafu akasoma sera mpya ya serikali: nyumba ambayo maji yalipita goti inavunjwa, mwenyewe anahamia mlimani. Mlimani hakuna kisima, na Bi Somoe magoti mabovu.

Bi Somoe akatazama ile alama. "Ngoja kwanza, mwanangu. Mimi nilikuwa nimekaa."

Afisa akanigeukia. "Na wewe ulikuwepo?"

Mwaka jana nilikuwa kwako, dada, nakula wali wako. Nikamwambia, "Nilikuwepo mzee, nimesimama. Yalinifika kwenye kifundo."

Akanipima mguu kwa futikamba, akaandika upya. Bi Somoe anabaki kwake, na mguu wangu uko serikalini.

Wabusu watoto. Na ukiswali niombee mvua ya mwaka huu isipite kifundo.

Mdogo wako,
Hamisi