Springi za Mzigo

Jumanne, Ifakara

Bado namkasirikia Beda. Nilimwambia fundi huyo aniinulie gari kidogo tu, lisigonge chini kwenye njia ya Mngeta, lakini libaki laini kwa ajili ya mgongo wa mama. "Usijali, dada." Kumbe akafunga springi ngumu za kubebea mzigo!

Leo nilikuwa namleta mama hospitali. Kila shimo alifumba macho. Katikati ya safari akasema, "Mwanangu, nishushe, bora nitembee." Mama, ambaye hafiki chooni bila kushikwa!

Nilipomwacha wodini nikaenda gereji. Beda akaniuliza, "Si limepanda? Unataka nini tena?"

Nikamwambia alale kiti cha nyuma, kama mama alivyolala. Nikampeleka kwenye mashimo yaleyale, kwa mwendo uleule.

"Dada, simama! Mgongo!"

Sikusimama mpaka mashimo yalipoisha.

Jioni amerudisha springi za zamani, akaweka raba nene juu yake. Gari limepanda vidole viwili, na linatembea vizuri. Kumbe aliweza tangu mwanzo!

Lakini mama ameshaniambia kwamba kwenye gari langu hapandi tena.