Cheti cha Kuzaliwa cha Marietha

Chanika, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Jonas na watoto. Sie huku hatujambo, isipokuwa vumbi la Chanika, ambalo ukilifuta leo kesho limerudi. Bega lako linaendeleaje?

Nakuandikia kwa mkono na kumpa dereva wa basi kwa sababu simu yenu anakaa nayo shemeji, naye akipokea lazima aweke sauti ya juu, na jambo lenyewe si la kusikiwa na majirani.

Mwalimu mkuu msaidizi anastaafu mwakani. Afisa elimu wetu amenidokeza kwamba wananifikiria, ila hawatampa mtu asiye na shahada. Mie nina stashahada na miaka kumi na tisa ya chaki. Kuacha kazi nikasome siwezi, kwa hiyo natafuta chuo cha kusoma nikiwa kazini. Nimepata vitatu na vipeperushi vyake nimevifunga humu, uvisome, maana wewe ulikuwaga na jicho kuliko mie.

Cha kwanza ni cha serikali. Unasoma mwenyewe nyumbani, vitabu viko mtandaoni, mitihani unakwenda kuifanya kituoni na msimamizi anakukagua sura. Wanaoanza ni wengi, wanaomaliza wachache. Cha pili ni cha kanisa, kina vipindi kila Jumamosi Kimara. Kutoka huku mpaka Kimara nitafika nimechoka kabla sijafungua daftari. Cha tatu kinaitwa Taasisi ya Upeo, kiko Sinza, ofisi zao juu ya baa. Shahada miaka miwili, kazi unatuma kwa simu. Binti wa mapokezi aliniambia, "Madam, sie hapa hatusumbui watu wazima na makaratasi."

Moyo wangu uko kwa hicho cha kwanza, kwa sababu shahada yake hakuna wa kuitilia shaka. Tatizo ni kwamba wanataka cheti halisi cha kuzaliwa. Kazi niliipata kwa cheti cha kidato cha nne, na kitambulisho cha taifa nilikipata kwa barua ya mwajiri. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilizaliwa wapi na lini. Sasa wameniuliza.

Cheti cha Marietha Theonest unacho wewe, kwenye sanduku la mama. Naomba unitumie.

Mdogo wako,
Vaileth


Muleba
2 Februari 2024

Mdogo wangu Vaileth,

Marahaba. Sie wazima, mvua ipo, migomba imesimama. Bega bado linauma usiku lakini mchana nalisahau kwa kazi. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa bado unaandika kama mtu anayekimbizwa.

Vipeperushi nimevisoma vyote, mpaka maandishi madogo ya chini. Hicho cha Sinza kimeeleza habari za joho kurasa mbili nzima na hakikusema popote mtihani unafanyikia wapi. Chuo kisichotaka kujua wewe ni nani siku ya kuingia kitakukana siku ya kutoka. Cha Kimara kitakuvunja mgongo. Chukua cha serikali.

Lakini cheti sikupi.

Nakukumbusha, maana naona mjini mnasahau. Tulifanya mtihani wa darasa la saba pamoja, mie nikachaguliwa kwenda sekondari, wewe hukuchaguliwa. Mama akafa Desemba na mdogo wetu Brightson akiwa na miezi minne. Baba akasema mkubwa abaki amlee mtoto, na nafasi isipotee, aende mdogo kwa jina la mkubwa. Wengi walifanya hivyo miaka ile na hakuna aliyeona ni dhambi. Mie ndiye niliyekufungia sanduku. Sare ilikuwa imeshonwa kwa kipimo changu na ilikupwaya.

Tangu hapo jina langu limesoma, limeajiriwa, limejenga nyumba. Mie nimelima. Wanangu wananiuliza, mama, mbona huna kitambulisho? Nitawaambia nini? Nikienda kujiandikisha, kompyuta itasema Marietha Theonest, mtoto wa Felicitas, yupo, ni mwalimu Dar es Salaam. Nimebakiwa na karatasi moja tu duniani inayosema kwamba mie ndiye. Nimeumia kwamba hata hiyo umeitaka.

Dada yako,
Marietha


Chanika
25 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Barua yako niliipata, nikaiweka wiki mbili kwa sababu nilikuwa na hasira. Sikuomba kupelekwa. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na baba alinishika mkono mpaka ndani ya basi. Siku ya kwanza mwalimu wa darasa aliita jina lako mara tatu sikuitika, akanichapa mbele ya wenzangu kwa kiburi. Miaka minne niliogopa kuongea usingizini. Unadhani nilikula keki huko?

Cheti baki nacho. Nimeshajiandikisha Sinza, pamoja na Monica tunayefundisha naye. Hawakuuliza kitu.

Wasalimie watoto.

Mdogo wako,
Vaileth


Muleba
11 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Miezi saba bila neno, mtu angedhani hatukunyonya titi moja. Hasira hizi tumezirithi kwa baba, na yeye hazikumsaidia.

Humu ndani, kwenye mfuko wa sukari, kuna cheti. Kishike kwa pembeni, katikati kimeanza kuachia. Nilikosea kukuandikia vile. Niliyoyasema ni kweli lakini ulikuwa mtoto, nami nilikuwa mtoto, na aliyeamua amelala. Nenda kajiandikishe kwenye chuo kile cha serikali. Huko juu ya baa toka, hata kama wamekuambia umebakiza kidogo.

Usiniulize kwa nini nimebadili mawazo. Mtu akifika arobaini anaanza kugawa vitu. Mie hakina kazi tena kwangu.

Bega ni lile lile. Nilikwenda hospitali ya wilaya, wamenipa vidonge, na Clara wangu ananisaidia kuchota maji. Jonas anakusalimia.

Usome kweli. Usikariri.

Dada yako,
Marietha


Chanika
6 Oktoba 2024

Dada yangu mpendwa sana,

Shikamoo, shikamoo tena. Sijui nikushukuru kwa lugha gani. Nilipofungua ule mfuko nililia mbele ya dereva wa basi, akadhani nimeletewa msiba.

Sinza nimetoka. Ulisema kweli, kama kawaida yako. Mtihani uliahirishwa mara tatu, na kazi ya mwisho Monica alituma kwa makosa picha ya daftari la mahudhurio la darasa la nne, wakampa alama sabini na nane. Mie niliyekesha wiki mbili nilipata sabini na nane pia. Tulicheka mpaka tukaona aibu.

Chuo cha serikali wamenipokea. Yule mama wa usajili alikiangalia cheti mbele na nyuma, akakilinganisha na kitambulisho, akasema kila kitu kiko sawa. Mitihani ya mwaka wa kwanza ni Mei. Nasoma jioni wanangu wakiwa wanafanya kazi zao za shule, meza moja, na wao wananicheka.

Sijauliza kwa nini, kama ulivyotaka. Bega ulikande kwa maji ya moto na chumvi.

Mdogo wako anayekupenda,
Vaileth


Muleba
2 Mei 2025

Mdogo wangu,

Hujambo na watoto? Barua hii anaiandika Clara, mie nasema tu, kwa sababu mkono wa kulia hauinuki. Ni mwandiko mzuri, eti? Usiisome mbele za watu.

Halikuwa bega. Ni titi. Niliambiwa Agosti mwaka jana, hospitali ya wilaya, na wakaniandikia barua ya kwenda Mwanza. Walisema nitafute kadi ya bima kwanza, na kadi inataka kitambulisho cha taifa. Cheti nilikuwa nacho mkononi, ningeweza kwenda kujiandikisha. Nilikaa nacho wiki tatu. Kila nikinyanyuka kwenda naona kompyuta inakutana na Marietha wawili, na mmoja lazima aitwe mwizi. Mie ningekuwa na kadi, wewe ungekuwa huna kazi, labda uko mahabusu. Ndipo nikakutumia. Nilikuwa na hasira hata wakati nakifunga, nisikudanganye. Lakini ukikasirika na mtu haina maana unataka afungwe.

Mwanza nimekwenda Machi kwa msaada wa jumuiya yetu ya kanisani. Daktari ni kijana mpole, alisema ningekuja mapema wangekata, sasa wanatuliza maumivu tu. Pale mapokezi waliponiuliza jina nilisema Vaileth Theonest. Lilikuwa halitumiki. Wodini wote waliniita Vaileth na nilikuwa naitika mara ya kwanza, si kama wewe.

Nimefanya hivyo kwa sababu. Nikifa, karatasi ya kifo itafuata jina la hospitali. Ikitoka kwa jina langu, wewe utakuwa mwalimu marehemu, na sijasikia chuo kinachompa marehemu shahada. Cheka kidogo. Clara hapa analia na anachafua karatasi.

Naogopa, Vaileth. Mchana najikaza kwa ajili ya watoto. Wewe nakuambia.

Clara anasema ulimwambia mitihani yako ni tarehe kumi na tisa hadi ishirini na tatu. Ifanye. Usije kabla.

Dada yako,
Marietha


Chanika
9 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako chumba cha walimu. Mie nakuambia maji ya moto na chumvi, wewe unakufa.

Usife kwa jina langu. Nakukataza, ingawa mdogo hamkatazi mkubwa. Nitakwenda kwa mwajiri niseme yote, tangu baba mpaka leo. Wanifukuze, wanishtaki, sijali. Utapata kitambulisho chako na kadi yako kwa jina lako, na nitakuleta Dar mwenyewe. Nimeapa mbele ya msalaba wa mama ulio ukutani kwangu.

Mtihani wa mwisho ni Ijumaa tarehe ishirini na tatu. Jumamosi alfajiri napanda basi. Ni wiki mbili tu, dada. Nisubiri.

Mdogo wako,
Vaileth


Chanika
23 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, kisha nikakumbuka, na kuifuta nikashindwa.

Clara alinipigia jana saa kumi, nikiwa ndiyo nimetoka kwenye mtihani na kuwasha simu. Alisema umepumzika saa tano asubuhi, na kwamba maziko ni kesho Jumamosi, hawawezi kusubiri. Basi la jana jioni lilikuwepo. Ningelipanda ningekuwahi. Nilikaa na begi limefungwa miguuni, nikajiambia umeniagiza mwenyewe nimalize. Leo asubuhi nilikwenda kituoni nikafanya mtihani wa mwisho. Nilijibu maswali yote.

Kutoka huko nilipita shuleni kuomba ruhusa ya msiba. Mwalimu mkuu, Mwalimu Augustine, alinipa kiti na fomu. Ni fomu fupi. Mstari wa pili unauliza jina la marehemu. Tulikuwa wawili tu ofisini, dada, mlango umefungwa, na yule ni mtu ambaye angenisikiliza. Nilikuwa nimeapa. Nilifikiria karatasi ya hospitali, nikafikiria meza ile tunayosomea na wanangu, nikafikiria mahabusu. Kisha nikaandika Vaileth Theonest. Kwenye uhusiano nikaandika mdogo wangu.

Alisoma kwa sauti akashika kichwa. Akasema, "Pole sana, Madam Marietha. Akitangulia mdogo inauma zaidi." Nikasema asante.

Akagonga kengele, watoto wakatoka madarasani wakapanga mistari. Aliwatangazia kwamba Mwalimu Marietha amefiwa na mdogo wake, aliyeitwa Vaileth, na tusimame kimya dakika moja kumkumbuka. Watoto mia tisa walisimama, na wa darasa la kwanza walifumba macho kabisa. Mie nilisimama mbele yao na mikono nyuma. Jina lako hakuna aliyelitaja ila kunipa pole.

Barua hii sijui nitampa dereva gani. Basi langu linaondoka alfajiri, na nitakapofika mtakuwa mmeshamaliza.

Mdogo wako